Je, Wajua? Lita ya Petroli na Yuniti ya Umeme

Jumatano ya kwanza ya mwezi Tanzania, tarehe 14 Kenya: ndizo siku ambazo kila mwenye chombo cha moto hungoja bei mpya za mafuta. Siku hizi, bei ikipanda, hakosekani mtu kijiweni wa kusema kwamba dawa ni gari la umeme, na mwingine wa kumjibu kwamba betri yake ni bei ya gari zima. Wote wawili wana hoja. Shika kikokotoo, tupite haraka haraka.

BEI INAYOTOKA BAHARINI

1. Je, wajua kwamba Kenya na Tanzania hazisafishi mafuta ghafi hata lita moja? Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilikuwa kimekwisha kuacha zaidi ya miaka 10 kabla yake. Petroli yetu huja melini ikiwa tayari imesafishwa, nyingi ikitoka nchi za Ghuba na India.

2. Mafuta hayo hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Baadaye mwaka huohuo ilishuka hadi karibu 130. Ndiyo maana bei ya pampu inaweza kupanda wakati bei ya dunia imetulia: shilingi ndiyo iliyolegea.

3. Mafuta unayotia leo yaliagizwa wiki kadhaa zilizopita. Bei ya dunia ikishuka leo jioni, nafuu yake haiwezi kufika sheli kesho asubuhi. Ikipanda, vilevile, maumivu hayaji siku hiyohiyo.

4. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ilianguka chini ya sifuri, hadi dola 37.63 upande wa hasi kwa pipa. Dunia ilikuwa imejifungia kwa sababu ya Korona, maghala yamejaa, na mwenye mkataba alikuwa radhi kumlipa mtu ili amwondolee mzigo. Hakuna sheli iliyogawa petroli bure siku hiyo. Nauli ya meli, ghala, kodi na faida ya muuzaji havikuwa sifuri.

5. Pipa moja ni lita 159, lakini petroli ni sehemu yake tu. Ndani ya pipa hilohilo mna dizeli, mafuta ya ndege, mafuta ya taa, gesi ya kupikia na lami ya barabara unayopita.

6. Julai 2023 Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo petroli Nairobi ikafika shilingi 217.36 kwa lita. Katikati ya 2024 tozo ya matengenezo ya barabara nayo ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Zaidi ya theluthi ya unacholipa kwenye pampu ya Kenya ni kodi na tozo.

7. Ndugu zetu wa Muscat hawana wasiwasi huo. Serikali ya Oman iliweka ukomo wa bei mwaka 2021: baisa 239 kwa lita ya petroli ya daraja la 95, yaani kama senti 62 za dola. Dar es Salaam lita moja huvuka dola moja. Mtu wa Muscat akikwambia gari la umeme halimwokolei kitu, usimbishie kabla ya kupiga hesabu yake.

8. Je, wajua kwamba petroli hupanda bei kadiri unavyoiacha bahari? EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, hutangaza bei ya kikomo kwa kila wilaya, na wilaya za mbali kama Kyerwa, mkoani Kagera, hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Kenya, Mandera hulipa zaidi ya Mombasa. Lakini bei ya yuniti ya umeme wa TANESCO ni ileile Kinondoni na Kyerwa. Kwa hiyo tofauti kati ya petroli na umeme ni kubwa zaidi bara kuliko pwani, ingawa magari ya umeme yenyewe yamejazana mijini.

9. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, wajanja waliyachanganya. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usilipe. Mafuta ya magari nayo hutiwa vinasaba, kemikali maalumu ambayo wakaguzi huipima pale sheli. Mwaka 2018 Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo.

10. Kutia mafuta alfajiri "yakiwa mazito" hakukuletei faida ya maana. Ni kweli petroli hutanuka kwa takriban asilimia 1 joto likipanda nyuzi 10. Lakini tangi la sheli limefukiwa ardhini, na huko chini joto la alfajiri na la saa nane mchana halipishani sana.

LITA MOJA INA NINI NDANI YAKE?

11. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban yuniti 9 za umeme, yaani kilowati-saa 9. Nyumba ndogo yenye taa, televisheni na friji inaweza kutumia nishati hiyo siku kadhaa.

12. Injini haiwezi kuitumia yote. Kati ya kila lita 4 unazonunua, nishati ya lita 3 hivi huishia kuwa joto kwenye rejeta na paipu ya moshi. Kinachofika magurudumuni ni kama lita moja. Mota ya umeme hufikisha magurudumuni zaidi ya robo tatu ya umeme uliomo kwenye betri.

13. Betri ya Nissan Leaf ya kwanza, iliyotoka mwishoni mwa 2010, ilikuwa na uwezo wa yuniti 24 na uzito wa karibu kilo 300. Nishati hiyo haifiki hata lita 3 za petroli. Lakini kwa kipimo cha Marekani gari hilo lilikwenda kilomita 117. Jaribu kwenda Chalinze kutoka Dar kwa lita 3, uone utakapoishia.

14. Foleni ndiko tofauti inakokuwa kali. Injini ndogo ya petroli ikiwa inanguruma bila kwenda hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi kiyoyozi kikiwaka. Gari la umeme likisimama, mota nayo imesimama. Kinachokula umeme ni kiyoyozi, taa na redio, na kwa saa nzima vyote havizidi sana yuniti moja au mbili.

15. Kwenye barabara kuu mambo hugeuka. Gari la petroli hula pungufu safarini kuliko mjini. La umeme hula zaidi. Upinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, unakaribia kuwa mara mbili. Mwenye gari la umeme anayekimbia ataziona tarakimu zikianguka kwenye dashibodi kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

16. Gari la umeme hurudisha umeme likishuka mlima. Mota hugeuka kuwa jenereta, gari linapunguza mwendo, betri inapata chochote. Gari la tani 1.5 lililoko kwenye mwinuko wa Nairobi lina akiba ya yuniti 7 hivi kwa kuwa juu tu, likilinganishwa na lililoko Mombasa. Hazirudi zote, lakini kwenye mteremko mkali kama wa Limuru kwenda Naivasha, au Kitonga, dereva huona asilimia ya betri ikipanda badala ya kushuka. Kupanda mteremko huohuo wakati wa kurudi, bila shaka, ndiko unakolipa.

KILOMITA 100 KWA SHILINGI NGAPI?

17. Tuchukulie gari dogo la petroli aina ya Toyota IST linalokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye mchanganyiko wa foleni na barabara wazi, na petroli ni shilingi 2,800 za Tanzania. Kilomita 100 ni lita 8.3, sawa na shilingi 23,300 hivi.

18. Sasa tuchukue gari dogo la umeme linalotumia yuniti 15 kwa kilomita 100. Usiishie hapo: sehemu ya umeme hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo mita yako itasoma kama yuniti 17.5. Mteja wa kawaida wa TANESCO hulipa shilingi 292 kwa yuniti, na ukiongeza kodi na tozo inakuwa 356. Jumla: shilingi 6,230. Hiyo ni karibu robo ya gharama ya petroli.

19. Je, wajua kwamba Tanzania kuna njia ya tatu? Gesi asilia ya magari huuzwa Dar es Salaam kwa takriban shilingi 1,550 kwa kilo, na kilo moja ina nishati ya kama lita moja na nusu ya petroli. Kilomita 100 kwa IST ileile iliyofungwa mtungi wa gesi ni shilingi 8,600 hivi. Ndiyo sababu madereva wengi wa teksi za mtandaoni na bajaji Dar wameona afadhali wapange foleni ya gesi: hawabadilishi gari, wanafunga mtungi.

20. Kuna mtego kwenye mita. Mteja mdogo wa TANESCO asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 tu kwa yuniti kabla ya kodi. Yuniti 75 za gari la umeme ni kilomita 430 hivi, na hapo hujawasha hata taa. Ukiingiza gari uani, nyumba nzima inaweza kuhamia kundi la bei ya juu. Weka hilo kwenye hesabu.

21. Kenya ilikwenda mbele kidogo. Mwaka 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati wa nchi hiyo, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Sababu ni rahisi kuielewa: mvuke wa ardhini wa Olkaria hauzimwi usiku watu wakilala, na umeme usiotumika haulipiwi.

22. Unafuu wa umeme hutegemea sana mahali unapochomeka plagi. Uingereza mtu anayechaji nyumbani usiku anaweza kulipa chini ya peni 10 kwa yuniti. Kwenye chaja za kasi za barabarani yuniti hufika peni 75 hivi. Kwa bei hiyo kilomita moja ya umeme huwa ghali kuliko ya petroli. Hata kodi hazilingani: umeme wa nyumbani hutozwa asilimia 5, wa chaja za umma asilimia 20.

23. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 2 hadi 3. Betri tupu ya yuniti 40 ukiichomeka hapo saa mbili usiku, saa mbili asubuhi inaweza kuwa bado haijajaa. Lakini mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku anahitaji yuniti 7 tu, na hizo huingia kabla ya alfajiri.

24. Na umeme ukikatika? Swali zuri, ila kumbuka pampu ya sheli nayo huendeshwa kwa umeme. Sheli huwasha jenereta. Wewe utachaji kesho, mradi hukuacha betri ikauke.

GEREJI

25. Gari la umeme halina oili ya kumwaga, plagi za kubadilisha, mkanda wa injini, pampu ya mafuta, klachi wala paipu ya moshi. Lakini lina rejeta na maji ya kupoza kwenye aina nyingi, lina bushi na shokomzoba kama gari lolote, na lina ile betri ndogo ya volti 12 inayokufa bila kuaga.

26. Idara ya Nishati ya Marekani ilichapisha hesabu mwaka 2021: matengenezo ya gari dogo la petroli ni senti 10.1 kwa maili, la umeme senti 6.1. Punguzo ni karibu asilimia 40. Ni kubwa, lakini ni mbali na "halina gharama" wanayoisema wauzaji.

27. Breki za gari la umeme huchelewa kwisha kwa sababu mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Matairi ndiyo huwahi kwisha: gari ni zito kwa sababu ya betri, na mota hutoa nguvu yake yote papo hapo. Unachookoa kwenye pedi unaweza kukirudisha dukani kwa muuza matairi.

28. Januari 2024 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz ya Marekani ilitangaza kuuza magari yake 20,000 ya umeme. Sababu mojawapo ilikuwa gharama ya kuyatengeneza yakigongwa. Umeme ni rahisi kwa kilomita. Bodi iliyobonyea na vipuri vyake ni habari nyingine, hasa pale ambapo mafundi wanaolijua gari hilo ni wa kuhesabu.

29. Bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari la umeme likigharimu zaidi, bima yake nayo ni zaidi kila mwaka, hata kama halijatoka uani.

BETRI

30. Mwaka 2010 betri ya magari iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila yuniti ya uwezo. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115, kwa hesabu za BloombergNEF. Betri ya yuniti 40 imetoka kwenye bei ya nyumba na kuwa bei ya gari lililotumika, na hapo bado hujaweka usafiri, ushuru na fundi.

31. Adui wa betri ni joto. Magari ya kwanza ya Leaf, ambayo betri zake hazikuwa na maji ya kupoza, yalipoteza uwezo upesi katika jimbo la Arizona. Wenye magari wakalalamika, na Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Anayenunua Leaf kuukuu ya kupeleka Dar, Tanga au Mombasa aikumbuke Arizona.

32. Afya ya betri ya Leaf huonekana kwenye dashibodi: vijiti 12 vidogo pembeni ya kipimo cha chaji. Vikibaki 9, betri ina kama asilimia 70 tu ya uwezo wake wa awali. Gari la bei ya chini lenye vijiti 7 limeshushwa bei kwa sababu hiyo. Hesabu vijiti kabla ya kuuliza rangi.

33. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, kisha ikaweka mgao wa kiasi cha kuuzwa.

34. Lakini si kila betri ina kobalti. Betri za chuma na fosfati, zinazotengenezwa kwa wingi China, hazina kobalti wala nikeli. Mwaka 2024 zilikaribia nusu ya soko la betri za magari duniani. Ni nafuu zaidi na huvumilia kujazwa hadi asilimia 100; betri zenye nikeli hudumu zaidi zikiachwa karibu na 80 kwa matumizi ya kila siku.

35. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na la umeme halina msamaha. Kwa hiyo zile Leaf za kwanza zenye betri ya yuniti 24 haziwezi tena kushuka Mombasa kihalali. Mwaka 2019 Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10.

WALIOKWISHA ANZA

36. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 1,575 ya umeme na 936 tu ya petroli. Ya mvuke yalizidi yote. Petroli ilishinda baadaye, na Henry Ford aliyeisambaza dunia nzima alikuwa na mke, Clara, aliyeendesha gari la umeme aina ya Detroit Electric.

37. Kilichoangusha magari hayo ya umeme kilikuwa, kwa kiasi fulani, umeme wenyewe. Magari ya petroli yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, kazi iliyovunja watu mikono. Mwaka 1912 Cadillac ilileta stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Sababu kubwa ya kukwepa petroli ikaisha.

38. Mwaka 1989 wanamuziki wawili wa kundi la a-ha la Norwe, pamoja na wanaharakati wa mazingira wa Bellona, walizunguka na Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme wakikataa kulipa tozo za barabara. Faini zikarundikana, gari likakamatwa na kupigwa mnada, wakalinunua tena. Miaka ya 1990 serikali ikayasamehe magari ya umeme tozo hizo. Mwaka 2024, magari karibu 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa Norwe yalikuwa ya umeme. Na Norwe ni muuzaji mkubwa wa mafuta na gesi.

39. Ethiopia ndiyo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, mwanzoni mwa 2024. Haikusukumwa na moshi zaidi ya ilivyosukumwa na dola: mafuta hununuliwa kwa fedha za kigeni, umeme wa maporomoko ya mito yake hulipiwa kwa birr.

40. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya biashara haisajiliwi kama ni ya petroli. Madereva wengi wa pikipiki za umeme za huko hawachaji kabisa: hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa na kuondoka ndani ya dakika chache. Betri si mali yao, hivyo pikipiki huwa nafuu kununua. Lakini bei ya kubadilisha ina malipo ya kukodi betri ndani yake. Usiilinganishe na bei ya yuniti ya nyumbani.

41. Treni ya SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, huvutwa kwa umeme wa gridi. SGR ya Mombasa na Nairobi huvutwa kwa dizeli. Abiria wa Morogoro, basi, amekwisha panda chombo cha umeme bila kununua gari.

NANI HASA ANAFAIDI?

42. Barabara hulipiwa na mafuta. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita. Mwenye gari la umeme anapita juu ya lami hiyohiyo bila kuchangia kwenye pampu. Msamaha huo haudumu milele: New Zealand ilianza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita Aprili 2024, na Uingereza ikaanza kuyadai kodi ya mwaka Aprili 2025. Anayepiga hesabu ya miaka 10 aiwekee nafasi tozo ambayo bado haijatangazwa.

43. Tuseme gari la umeme limekugharimu shilingi milioni 10 zaidi ya la petroli la umri uleule. Kwa hesabu yetu ya juu, kila kilomita inakuokolea shilingi 170. Ukienda kilomita 15,000 kwa mwaka, pengo linafungwa ndani ya miaka 4. Ukienda kilomita 6,000, yaani ofisini na sokoni tu, ni miaka 10 hivi, na hapo betri nayo imezeeka.

44. Ndiyo maana bodaboda na mabasi yametangulia. Dereva wa bodaboda wa mjini hupita kilomita 100 kwa siku bila shida. Kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, hizo ni shilingi 7,000 za petroli kila siku. Nairobi kampuni ya BasiGo ilileta mabasi yake ya umeme mwaka 2022, na wenye matatu huyalipia kwa kilomita wanazokwenda, betri ikiwemo. Uingereza ilikuwa na maelfu ya magari ya umeme ya kusambaza maziwa tangu zamani, kwa mantiki ileile: njia inayojulikana, vituo vingi, na kulala kwenye plagi kila usiku.

45. Kanuni ya kukariri: gari letu la petroli lilikwenda kilomita 12 kwa lita, la umeme 5.7 kwa yuniti. Yaani lita moja hufanya kazi ya yuniti 2 na kidogo. Maadamu yuniti moja haijafika karibu nusu ya bei ya lita moja, umeme una nafuu barabarani. Kama gari lako la petroli ni bahili, la kilomita 16 kwa lita, sema theluthi. Kanuni hiyo inafanya kazi Dar, Nairobi, Kigali na Muscat, na ndiyo inayoeleza kwa nini chaja ya kasi ya Uingereza inashindwa na sheli ya jirani yake. Ukimaliza kuitumia, soma kilomita za gari lako leo, zisome tena baada ya mwezi, utoe. Zikiwa 500, baki na petroli yako ukatunze matairi. Zikiwa 2,500, anza kuulizia bei ya chaja.